Waya Uachiwe Mkono, Bisibisi Ipewe Roboti

Ndugu mafundi, walimu na wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Mwaka 2022, vita ilipopamba moto Ukraine, Volkswagen na BMW zilisimamisha kazi kwa muda katika baadhi ya viwanda vyao Ujerumani. Injini zilikuwepo, mabati yalikuwepo. Wayaringi, yaani fungu la nyaya zinazopeleka umeme ndani ya gari, ndiyo iliyokosekana. Ilikuwa ikiunganishwa na wafanyakazi wa magharibi mwa Ukraine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mikono.

Kwa nini mikono mpaka leo? Kukata waya, kumenya na kuminya terminali, yaani kile kipande kidogo cha chuma cha kwenye ncha ya waya, mashine zinafanya tangu zamani. Ugumu unaanza pale waya unapotakiwa kuingia kwenye konekta, kile kichwa chenye matundu cha kuunganishia nyaya. Mtazameni mfanyakazi mzoefu: anasukuma terminali kwenye tundu lake, anasikia "ta!", kisha anauvuta waya kidogo kuhakikisha umeshika. Ni kitendo cha muda mfupi mno, na ndani yake mna macho, masikio na vidole. Roboti inasumbuka hapo kwa sababu waya unajikunja na kujipinda, hautulii katika umbo moja kama bomba la chuma.

Kwa hiyo anayewaambia kwamba roboti shirikishi, yaani mkono wa mashine unaofanya kazi kando ya mtu, imekuja kumwondoa mfanyakazi huyu mezani hajaijua kazi yake. Wazo la roboti hizi lilitoka kwa Edward Colgate na Michael Peshkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, mwaka 1996, na tangu mwanzo lilikuwa mtu na mashine washirikiane. Mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Denmark iliuza UR5 yake ya kwanza: mkono unaobeba kilo 5 na kufika sentimita 85. Mkono huo mpeni kazi inayochosha kiwiko na kuumiza kifundo: kukaza skrubu zilezile kutwa nzima, kuzungusha tepu, kupeleka kebo iliyokamilika kwenye mashine ya kupimia umeme. Hapo mtaona faida, na mfanyakazi atarudi nyumbani bila ganzi ya vidole.

Sasa usalama, na hapa naomba mnisikilize sana. Mwongozo wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016, wa shirika la kimataifa la viwango, unataja nguvu ambayo mwili unaweza kubanwa nayo bila kuumizwa: kiganjani na vidoleni nyutoni 140 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), usoni 65 tu. Wauzaji watawaambia roboti yao ni salama, inasimama ikigusa mtu. Sawa, lakini imeshika nini? Bisibisi, au terminali yenye ncha, inaweza kutoboa ngozi kwa nguvu ndogo kuliko hiyo. Na mfanyakazi wa waya huinama, uso wake ukawa usawa wa meza. Kinachokaguliwa ni kituo kizima: kifaa kilichoshikwa, kasi, meza, na mahali kichwa cha mtu kinapokaa.

Ukaguzi huo usifanywe na mhandisi peke yake ofisini. Wanaokaa kwenye zile meza wawepo, wafundishwe kuushika mkono wa roboti na kuuelekeza njia mpya, na wawe na mamlaka ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha bila kuulizwa na msimamizi kwa nini uzalishaji umeshuka.

Karibuni kwa maswali. Ningeomba tuanze na waliowahi kufanya kazi ya kuminya terminali.