Kisiwa Hakina Mdomo

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, habari za jioni.

Kila mwaka huja mwanafunzi ofisini kwangu kuuliza achukue nadharia ya siasa au uhusiano wa kimataifa, kana kwamba ni nyumba mbili zilizotenganishwa na ukuta. Simlaumu, ukuta tumeujenga sisi walimu. Huku tunafundisha haki, uhuru, utii, na nani atawale kwa idhini ya nani. Kule tunafundisha majeshi, mikataba na kura ya turufu. Uhusiano wa kimataifa ulipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa mwaka 1919, kule Aberystwyth, Wales, vita kuu ikiwa ndiyo kwanza imekwisha, na waanzilishi walikuwa na sababu za kutaka somo lao lisimame peke yake. Leo lakini nataka kuutikisa huo ukuta, tena kwa maandiko ambayo watu wa uhusiano wa kimataifa ndio huyategemea zaidi.

Habari ya Melos mnaijua. Mwaka 416 KK Athene, dola yenye nguvu ya Ugiriki ya kale, ilipeleka merikebu 38 kwenye kisiwa hicho kidogo kilichokataa kuwa chini yake. Wajumbe wakawaambia wenyeji waache kusema habari za haki, maana haki hujadiliwa na walio sawa kwa nguvu. Mwanafunzi akifika hapo huandika pembeni "mwenye nguvu mpishe", akafunga kitabu. Kwenye mtihani hufaulu, na maksi nampa.

Sasa rudini nyuma kidogo. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki aliyetuandikia kisa hiki, anasema wajumbe hawakupelekwa mbele ya umma wa Melos. Walizungumza na wakuu wachache tu, na Waathene wakawapasulia: mnachelea watu wenu wakitusikia moja kwa moja, bila kukatizwa, tutawashawishi.

Basi nani alikataa kusalimu amri? Sisi huandika "Melos ilikataa". Melos ipi? Kisiwa hakina mdomo. Walioamua ni wale wachache. Mji ukazingirwa, ukaanguka. Wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakafanywa watumwa. Na kabla ya kuanguka, Thucydides anadokeza, kulikuwa na usaliti ndani. Ni maneno machache sana, hataji mtu, lakini mimi kila nikisoma hukwama hapo. Aliyesaliti, je, alikuwa mmoja wa wale ambao hawakuulizwa? Hatuambiwi. Swali kongwe kabisa la nadharia ya siasa, la nani anaisemea dola, limelala katikati ya kisa tunachokifundisha kama somo la nguvu tupu.

Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Kiingereza, naye tunamtendea vivyo hivyo. Huyu alimtafsiri Thucydides kwa Kiingereza, tafsiri ikatoka 1629, miaka 22 kabla ya Leviathan, kitabu chake juu ya dola na utawala. Katika Leviathan, sura ya 13, anawachora wafalme wakikodoleana macho kama wapiganaji uwanjani, ngome na mizinga mipakani. Insha ngapi nimesahihisha zinazoishia kwenye picha hiyo! Nikiuliza sentensi inayofuata inasemaje, darasa kimya. Inasema kwamba kwa kuwa wafalme kwa njia hiyo hulinda kazi za raia wao, haitokei ile dhiki inayowapata watu mmoja mmoja wasio na mtawala. Yaani mwenyewe aliona dola si mtu. Kwake watu ni sawa kwa sababu hata mnyonge aweza kumuua mwenye misuli kwa hila. Melos ingeiua Athene kwa hila gani?

Nimalizie na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco mwaka 1945. Tunauita makubaliano ya dola, na leo wanachama ni 193. Utangulizi wake unaanza na "sisi watu". Shukeni hadi mwisho wa utangulizi huohuo, mtakuta waliokubaliana ni "serikali zetu", kupitia wajumbe ambao hati zao zilionekana ziko sawa. Hati za wajumbe zimetajwa. Namna serikali zenyewe zilivyopata kuwasemea hao watu haikutajwa.

Wiki ijayo kila mmoja aje na utangulizi huo mkononi, amepigia mstari mahali ambapo watu wanageuka kuwa serikali. Tutaanzia hapo.