Daraja la Besi Hununuliwa kwa Vipimo, Si kwa Jina

Habari za jioni, ndugu wanamuziki. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Gitaa lililo mezani hapa ni la besi, aina ya Precision Bass, la miaka ya 1970. Kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuuza aina hii mwaka 1951. Mwenyewe alilipiga kwenye bendi za rumba hapa Nairobi hadi mkono wake wa kulia ukalila daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kwa jasho: kutu imekamata skrubu, viti vinavyobeba nyuzi havipandi wala havishuki. Kabla hajafika kwangu alikwenda kwa fundi mwingine, akauziwa daraja jipya. Matundu yake matano hayakulingana na ya zamani. Fundi akachukua keekee, akatoboa mengine matano. Pitisheni kidole hapa muyahisi.

Na baada ya kutoboa kote huko, nyuzi bado zilikaa upande. Uzi mwembamba ulikuwa ukingoni kabisa mwa shingo. Ukiuvuta kidogo unaanguka nje. Mzee mwenye gitaa aliniambia, "Kijana wangu, nilidhani ni vidole vyangu vimezeeka." Neno lile liliniuma. Mtu amepiga besi maisha yake yote, halafu anaanza kushuku mkono wake kwa sababu ya kipande cha chuma kilichonunuliwa bila kupimwa.

Ndiyo maana nawaomba: msiende dukani na jina la gitaa. Nendeni na vipimo. Shika kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, pima kutoka katikati ya uzi mnene hadi katikati ya uzi mwembamba, pale juu ya daraja. Kwenye besi hii ni milimita 57 hivi, yaani 19 kati ya uzi na uzi. Pima tundu la kwanza hadi la mwisho. Pima unene wa bamba, na kimo ambacho viti vinaweza kufikia. Kwa funguo za kukazia nyuzi, pima kipenyo cha tundu la kichwani na nafasi za skrubu ndogo upande wa nyuma. Andika yote kwenye karatasi, piga picha kando ya rula. Hata ukimtuma ndugu aliye Marekani akununulie, mtumie karatasi hiyo.

Sasa skrubu, ambazo huharibu vitu kimyakimya. Za Marekani hupimwa kwa inchi, za Japani kwa milimita. Skrubu ya milimita itaingia kwenye kiti cha Kimarekani mzunguko mmoja au miwili, kisha itaanza kukaza. Hapo wengi huongeza nguvu ya bisibisi. Acha! Meno ya ndani ndiyo yanayokatika, na sasa kiti chenyewe nacho kimekwisha. Skrubu inayofaa huingia kwa vidole.

Voliumu, kile kipande cha ndani kinachozungushwa kupandisha na kushusha sauti, ni hivyo hivyo. Ukienda Luthuli Avenue utapata za redio, nyingi za 10K au 50K, yaani ukinzani wa umeme wa ohm elfu 10 au elfu 50. Pikapu ya besi hii, sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, inataka 250K. Ukiweka ya redio sauti itafifia kama imefunikwa blanketi. Kijiti chake cha kuzungushia nacho: cha Kimarekani kina kipenyo cha milimita 6.35, vile vingine 6, na kifuniko cha kimoja hakikai kwenye kingine. Lakini kabla ya kununua chochote, puliza dawa ya kusafishia swichi ndani yake, uizungushe mara thelathini. Mikwaruzo mingi ya sauti ni vumbi tu.

Kipande kisipopatikana, tuna mafundi. Kiti cha daraja ni kijiti kidogo cha chuma chenye matundu. Fundi wa kukereza kule Kariobangi akipewa kipande cha brasi na kile cha zamani kama mfano, anakitengeneza. Mimi nimepiga magitaa yenye viti vya namna hiyo na sauti yake imeniridhisha. Mpe kile cha zamani akipime mwenyewe. Maelezo ya mdomo hayafai.

Matundu ya ziada kwenye besi ya huyu mzee nimeyaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi ya mbao, nikaacha vikauke siku nzima. Kisha nikafunga daraja lenye vipimo vya lile la kwanza, kwenye matundu yale yale ya kiwandani. Chini yake kuna waya mwembamba unaotoka kwenye voliumu. Ukisahau kuugusisha na bamba, gitaa litavuma hadi ufikiri spika imeharibika. Daraja kuukuu liko ndani ya mfuko huu, ndani ya kasha lake. Halitupwi. Atakayelirithi gitaa atalihitaji.

Nina kalipa tatu hapa. Dada pale nyuma mwenye besi iliyovunjika ufunguo mmoja, karibu mbele, tuanze na yako.