Ng'ombe Hazeeki Maini, Bondia Je?

Mhadhara uliotolewa Moshi, Jumamosi jioni, mbele ya wapenzi wa ngumi. Umeandikwa kama ulivyosemwa. Salamu tu ndizo zimefupishwa.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo. Akina mama mliokuja, sogeeni mbele, viti vya nyuma ni vya wanaopanga kutoroka.

Niliombwa nizungumzie historia ya ngumi. Nimekataa, maana historia mnayo kwenye simu zenu. Mimi nimekuja kuzungumzia ugomvi. Jumapili ya tarehe 20 Julai 2025, asubuhi, nilikwenda kununua vocha Majengo, nikakuta kijiwe kizima cha bodaboda kinataka kupigana ngumi kwa sababu ya ngumi. Saa chache nyuma, kule Las Vegas, Manny Pacquiao mwenye miaka 46 alikuwa ametoka sare na Mario Barrios, aliyekuwa bingwa wa uzito wa welter wa WBC, moja ya mashirika ya ngumi duniani, kijana wa miaka 30. Wengine wanasema, "Meku, yule mzee Pacquiao, kaonewa, alishinda yule!" Wengine wanasema, "Meku kaisha zamani, ni huyo Barrios ndiye mbovu." Na yupo mmoja ambaye pambano lenyewe hakuliona, huyo ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. (Kicheko.) Naona mnamjua.

Nikasimama na vocha yangu mkononi nikisikiliza. Wote waliulizana kitu kimoja: kaisha, hajaisha? Hapo ndipo wanapokosea. Bondia hamaliziki kwa mkupuo kama gunia la mkaa. Anaondoka kipande kipande, na kila kipande kina siku yake ya safari. Mtu anayejua ngumi akimtazama bingwa aliyezeeka anajiuliza kimebaki nini, na hicho kilichobaki kinatosha kumpiga nani.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Kwa ng'ombe sawa. Kwa bondia, ini ni mahali pa kupigwa. Liko kulia, chini ya mbavu, na ngumi ya kushoto ikikuingia pale akili inabaki nzima lakini mwili unagoma kusimama. Septemba 2004 Oscar De La Hoya alikaa chini raundi ya 9 akiupiga ulingo kwa glovu yake kwa uchungu, anasikia kabisa mwamuzi anahesabu, na hawezi kuinuka. Aliyempiga ni Bernard Hopkins. De La Hoya alikuwa na miaka 31. Hopkins 39. Kwa hiyo usikimbilie kusema nani mzee.

Cha kwanza kuondoka ni miguu. Hapa Moshi tunalijua hilo, kwa sababu mazoezi yetu ni mlima. Nilipokuwa bondia wa ridhaa nilikimbia kupanda njia ya Kibosho alfajiri, na mwaka ambao ile njia iliongezeka urefu ndio mwaka ambao vijana walianza kunikuta kwenye kamba. Nilikuwa na miaka 34. Na niwaambie jambo ambalo shabiki aliyekaa kwenye kiti halijui: ngumi nilikuwa naiona. Naiona inatoka begani, naiona inakuja, najua kabisa pa kupeleka kichwa. Kichwa kinafika pale ngumi ikiwa imeshafika. Na ukiona uwazi kwa mwenzako ni vilevile, jicho limeshaagiza, mkono uko stendi unasubiri daladala la Marangu lijae. (Kicheko.) Mnacheka, lakini mimi nililia chumbani.

Sasa nataka tukae kwa watu wawili, maana hawa wanatosha kuwa somo zima.

Tarehe 22 Mei 1993, Washington, Roy Jones Jr. anakutana na huyo huyo Hopkins, wanagombea mkanda wa uzito wa kati wa IBF, shirika jingine la ngumi. Jones ana miaka 24, Hopkins 28. Jones anashinda kwa pointi, majaji wote watatu 116 kwa 112. Kuanzia hapo Jones akawa kitu ambacho mimi sijakiona tena ulingoni. Mikono chini, kidevu nje, anaruka na ngumi ya kushoto bila kutanguliza jabu, ile ngumi nyepesi ya kupimia. Kila ninachowakataza nyie mazoezini, yeye alikifanya akashinda. Mwaka 2002 aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo mbele ya Glen Kelly, akakwepa ngumi, akamwangusha kwa ya kulia. Machi 2003 akapanda mpaka uzito wa juu na kumnyang'anya John Ruiz mkanda.

Mei 2004 Antonio Tarver akamzimisha raundi ya pili. Ngumi moja ya kushoto.

Vijiweni walisema siku ile kwamba Jones alikuwa anabebwa siku zote, hakuna kitu. Si kweli. Kilichokuwepo kilikuwa kikubwa mno, ila kilikaa mahali pamoja, kwenye wepesi. Mtu mwepesi kuliko dunia nzima hana haja ya kujifunza kuinua mikono. Wepesi ukipungua kidogo tu, ukubwa wa kucha, ngumi iliyokuwa inapita hewani inakutana na kidevu, na kidevu kimezoea kuachwa wazi miaka yote.

Hopkins hakuwa na zawadi ile. Alijua pa kuweka mguu wa mbele, bega la kuficha kidevu, lini amkumbatie mtu na lini amwachie. Aprili 2010 wakarudiana, yeye ana miaka 45, Jones 41. Hopkins akashinda kwa pointi kwa majaji wote, na kwa mbali. Lilikuwa pambano baya, niseme ukweli, kushikana na kupigana visogoni, ukilitazama na mgeni atadhani ngumi ni adhabu. Lakini tazama miguu. Yule mwenye miaka mingi zaidi anasimama pale pale alipotakiwa kusimama, na yule mwenye kipaji anatafuta mwili wake wa zamani hauoni. Mwaka uliofuata Hopkins alikwenda Montreal kumpiga Jean Pascal, na kabla ya raundi ya 7 akapiga pushapu ulingoni, mzee wa miaka 46! Akiwa na 49 alikuwa bado anakusanya mikanda. Yeye naye mwisho ulimfikia: Desemba 2016, miaka 51, Joe Smith Jr. alimtupa nje ya kamba.

Ngumi yenyewe, ule uzito wa konde, ndiyo inayokaa mpaka mwisho. Novemba 1994 George Foreman, miaka 45, alikuwa anapoteza raundi baada ya raundi kwa Michael Moorer wa miaka 26. Miguu ilikuwa imekwenda kitambo. Raundi ya 10, kulia moja fupi, kwisha. Alivaa bukta nyekundu ile ile aliyopigwa nayo na Ali Kinshasa mwaka 1974, na kwenye kona yake alikuwepo kocha Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali usiku ule wa Kinshasa. Ukitunga hadithi hivi utaambiwa umezidisha chumvi.

Na kwa kuwa nimemtaja Ali, tuingie kwenye jina, maana ndiko ugomvi unakokuwa mchafu.

Februari 1980 Muhammad Ali alitua Dar es Salaam. Rais Carter alikuwa amemtuma azishawishi nchi za Afrika zisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu akakataa kumwona, na sisi tukaenda Moscow, wanariadha wetu Bayi na Nyambui wakarudi na medali za fedha. Oktoba mwaka huo huo, huyo Ali mwenye miaka 38 akapanda ulingoni na Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenza wake wa mazoezi. Dundee, akiwa kona ya Ali, alilisimamisha baada ya raundi ya 10. Holmes alilia.

Sasa shabiki analifanyaje pambano lile? Mmoja anasema linaonyesha Ali alikuzwa mno. Wa pili anasema lisihesabiwe kabisa. Huyu wa pili nampenda, lakini anamdhulumu Holmes. Aliyempiga mzee hapati sifa, na akipigwa na mzee hapati usingizi. Holmes aliingia ulingoni akiwa ameshapoteza. Miaka 7 baadaye, Januari 1988, Holmes mwenyewe akiwa na 38, umri ule ule, alizimishwa raundi ya 4 na Mike Tyson wa miaka 21. Mbona hilo hamlitumii kumpunguza Holmes?

Mimi siku hizi pambano linaloniuma zaidi si la Holmes. Ni la Septemba 1977, Ali na Earnie Shavers, raundi 15, Ali akashinda kwa pointi. Kwenye daftari la mashabiki ni ushindi. Daktari wa kona yake, Ferdie Pacheco, aliacha kazi baada ya usiku ule. Mashabiki wana daftari lao na mwili una lake, na hayafanani hesabu.

(Mzee mmoja: "Na wa kwetu je, kocha?")

Nilikuwa nasubiri hilo, meku. Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998. Nani hapa ameona hata raundi moja ya Simba? Inueni mikono. Hakuna. Kwa Jones tunabishana kwa sababu tunamwona. Bingwa ana mikanda miwili, wa kiunoni na wa video. Wa kiunoni atanyang'anywa tu, hakuna namna. Simba wangu huo wa pili sijawahi kuutia machoni, kwa hiyo siwezi kukwambia alisimama vipi, alizeeka vipi, mguu wake wa mbele ulikuwa wapi. Naweza kukwambia medali tu. Kama kuna mtu ndani ya ukumbi huu ana mkanda wa zamani kabatini kwa baba yake, hata kama umeliwa na fangasi, aje anione kabla sijala.

Kijana, zima taa, washa projekta. Tunaanza na 1993, halafu 2010. Sauti toa kabisa, sitaki mtangazaji awafundishe cha kuona. Na msitazame mikono.