Wikendi ya Kipupwe Njombe: Jiko, Maharage na Viazi vya Mfukoni

Kamwene! Karibuni tena. Ni Jumamosi ya Julai, Njombe mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Simu inasoma nyuzi 7, na huo mnaouona unanitoka mdomoni si moshi wa sigara, ni pumzi yangu mwenyewe. Watu wa Dar mnaniuliza kila siku huko kwenye baridi mnafurahia nini. Haya, leo mtaiona wikendi yangu yote.

Kazi yenyewe imeanza jana usiku. Angalieni sufuria hii: maharage yamelala kwenye maji tangu saa tatu. Usiruke hatua hii. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yanachemka yakifika kama nyuzi 93 tu. Yanatokota vizuri, unaona mapovu, lakini moto wake si ule wa pwani. Mgeni akibandika maharage makavu saa tano, akategemea mchana ale, atakula saa kumi.

Sasa jiko. Hapa naomba mnisikilize, maana ndipo watu wanapopotea. Jiko la mkaa linawashwa nje. Nje kabisa, si barazani mlango ukiwa wazi. Napanga vijiti vya muwati chini. Hii miwati mnayoiona huku imepandwa kwa ajili ya magome, yanatumika kutengenezea ngozi, lakini kuni zake nazo zina moto mkali. Mkaa juu, kibiriti, kisha napepea kwa mfuniko wa ndoo. Subiri. Moshi ukiisha bado. Subiri mpaka makaa yawe mekundu yote na yaanze kuvaa majivu meupe, kama hivi, ngoja nisogeze kamera.

Ukiliingiza ndani, dirisha libaki wazi. Najua, baridi inaingia, inauma, na ndani mtanuna. Liache wazi hivyo hivyo. Mkaa usiotoa moshi bado unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Usiku, kabla hujapanda kitandani, jiko linarudi nje. Halina mjadala.

Maharage yapo motoni, tuweke chai. Maziwa nusu, maji nusu, tangawizi iliyotwangwa, siyo kuparuzwa kidogo kwa aibu, na majani ya chai ya hapa hapa Njombe. Yaache yachemke mpaka rangi iwe ya udongo wa barabarani. Sukari utajua mwenyewe. Mimina kwenye chupa ya chai, kwa sababu kikombe ukikiacha mezani kupokea simu moja tu, ukirudi unakunywa juisi.

Mchana sina maelekezo. Kaa karibu na jiko, vaa mzula, onja maharage, ongeza maji, piga soga. Kama kuna jua, toa kiti uegemee ukuta unaolipokea. Jua la kipupwe linachoma usoni huku mgongo unatetemeka, sijui niwaelezeje.

Usiku, kitanda. Chemsha maji, tia kwenye ule mpira wa maji ya moto unaouzwa madukani, funika kwa soksi nzito, weka miguuni dakika kumi kabla ya kulala. Tafadhali usitumie chupa ya soda. Mwaka wangu wa kwanza huku nilimimina maji yanayotokota kwenye chupa ya plastiki, ikajikunja mikononi mwangu kama mzee, maji yote kwenye godoro. Nililala kwenye kiti.

Jumapili sasa, na hii ndiyo niliyokuwa naisubiri. Saa kumi na mbili nimeshawasha jiko, hapo nje. Chagua viazi mviringo vinavyolingana, saizi ya yai kubwa. Usimenye, futa udongo tu. Sogeza makaa pembeni, fukia viazi kwenye majivu ya moto, kisha rudisha makaa machache juu. Ukiviweka juu ya makaa yenyewe, ganda litakuwa mkaa na ndani kibichi. Nusu saa, vigeuze. Robo saa nyingine, choma na kijiti. Kikipita bila kubishana, tayari.

Pangusa majivu, kifunge kila kiazi kwenye kitambaa, halafu kimoja mfuko huu wa koti, kingine mfuko huu. Hapo mmeshanielewa? Mama jirani ndiye aliyenifundisha, enzi zake za shule walitembea navyo hivi hivi kwenye umande, mikono ikipata joto njiani na tumbo likifika.

Tunashuka sasa kwa miguu kwenda maporomoko ya Luhuji, yapo kando ya barabara ya Makambako, si mbali na mjini. Angalieni bonde hapo chini, majani yamekuwa meupe. Ule ni umande ulioganda. Unapendeza kwenye kamera, ila mwenye lile shamba la viazi hafurahi, jua likitoka majani yake yatakuwa meusi kama yamepitiwa na moto.

Tumefika. Ukungu umefunika maji, mnasikia mngurumo tu. Kiazi cha kulia bado kina moto. Nakipasua... ona mvuke huo. Chumvi ninayo kwenye karatasi, na nusu parachichi. Subirini nifute kioo cha kamera, kimeingia ukungu, mkono mmoja umeshika kiazi na sikiachii.