Muhuri wa Sheha Haukupi Ardhi

Assalaam alaykum. Namuona sheha wetu, kiongozi wa serikali hapa mtaani, kakaa safu ya mbele. Sheha, nivumilie. Sina ugomvi na wewe, nina ugomvi na muhuri wako.

Mnanijua. Kila nikipewa kipaza sauti huanza na mfuko wa nailoni wa yule mzee wa Wete, na leo hamponi. Mzee kauza karafuu zake, msimu ulikuwa mzuri, kanunua kiwanja. Kaja ofisini kwangu, ofisi ya wakili, na mfuko, ndani mna karatasi iliyochanwa kwenye daftari la skuli: mimi fulani nimemuuzia fulani kiwanja changu kwa hiari yangu. Dole gumba, mashahidi watatu, na muhuri katikati, mkubwa kama kisahani cha kahawa. Nikamuuliza, aliyekuuzia alikipataje? "Cha babaake, marehemu." Mirathi iligawiwa? Akanitazama kama nimemtukana.

Haya, tuhesabu. Marehemu kaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Kigaweni kiwanja mafungu 48. Mama ana thumuni yake, moja katika nane, yaani mafungu 6. Kila wa kiume 14, kila wa kike 7. Jumlisheni wenyewe. Muuzaji alikuwa na 14 katika 48, hata thuluthi haifiki, na kauza kiwanja chote! Dada mtu karudi kutoka Mombasa, kakuta matofali yamefika usawa wa dirisha. Matofali ya mzee.

Nasikia mtu ananong'ona huko nyuma: lakini sheha alishuhudia. Naam, alishuhudia kuwa watu wawili wamepeana fedha mbele yake. Hilo litamfaa mzee siku ya kudai fedha zake, akimpata wa kumdai. Ardhi ni mambo mengine. Sheria ya mwaka 1992 inasema ardhi ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais, na wewe una haki ya kuitumia. Ukitaka kumpa mwengine haki hiyo, kuna Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, na sheria yake ni ya mwaka 1994. Bodi ina umri wa kuwa na wajukuu, sisi bado tunachana madaftari! Na kabla ya Bodi, nendeni kwa Kadhi mkagawe mirathi, wallahi hamtakufa kwa kugawa.

Na sijagusa mikarafuu. Pemba hii ardhi huwa ya huyu na mti ukawa wa yule, nyote mnajua, lakini siku ya kununua mnajifanya hamjui. Uliza mti mmoja mmoja.

"Wakili ghali." Ghali, ndiyo, mimi mwenyewe siwezi kujilipa. Lakini kusomewa karatasi kabla hujatia dole ni kazi ya asubuhi moja, na si lazima usomewe na mimi. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, kuna wasaidizi wa sheria mawilayani, na Kituo cha Huduma za Sheria kipo tangu 1992. Mzee wangu alikwepa gharama ya asubuhi moja, sasa anapanda daladala kila tarehe ya kesi.

Vijana wa biashara, najua mlinialika kwa ajili yenu. Haraka haraka: sajilini jina la biashara BPRA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali), mkataba wa pango uandikwe, na akija wakili kutoka Bara muulizeni kwanza kama amesajiliwa kufanya kazi Zanzibar, maana Mahakama Kuu yetu ni nyengine. Ya hoteli na mikataba ya kazi nimeyaandika hapa kurasa nne, lakini mwenyekiti keshanionesha saa mara mbili.

Baada ya sala nitakaa pale barazani. Mwenye karatasi ndani ya kabati na ailete, hata ile ya daftari. Sitacheka. Sheha, na wewe njoo na muhuri.