Doria ya Bahari na Nyumba za Wavuvi Pemba

Assalaamu alaykum. Masheha wetu, manahodha, mama zetu mliotoka Micheweni na Tumbe, ahsanteni kwa kuja.

Pemba iko mpakani, na serikali ina haki ya kulinda mpaka wake; hilo sibishani nalo. Karafuu zetu mnunuzi wake ni shirika moja tu la serikali, ZSTC. Bei ya ng'ambo ikipanda, magunia hutafuta bandari bubu usiku yaende Kenya, na KMKM, kikosi cha serikali cha kuzuia magendo, hutoka kuyasaka. Na KMKM hao hao ndio tunaowaita chombo kikizama.

Lakini magunia yaliyokamatwa yana daftari. Masiku ambayo mvuvi amezuiwa na doria kutoka baharini hayana. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki. Mvuvi akizuiwa kutoka masiku ya giza, atangoja hadi giza jingine. Anangoja pamoja na wanaochemsha na kuanika dagaa, wachukuzi, na mwenye duka aliyekopesha unga. Mama wa kuanika dagaa hajasimamishwa na askari hata mara moja, ila deni la duka ni lake.

Tarehe 27 Januari 2001 siwezi kuiruka, ingawa wapo wasiopenda itajwe vikaoni. Watu waliandamana kupinga uchaguzi wa Oktoba 2000, wakapigwa risasi. Tume ya serikali ilitaja vifo 31. Human Rights Watch, shirika la haki za binadamu, ikasema si chini ya 35. Askari wakaingia majumbani, na watu wapatao 2,000 wakavuka kwa vyombo hadi Shimoni, pwani ya Kenya.

Kule walikuta jamaa. Wapemba wamepiga dago, yaani kambi za uvuvi, pwani ile vizazi na vizazi, wengine wakaoa na kubaki, bila kitambulisho, mpaka Kenya ilipowatambua kuwa moja ya makabila yake mwaka 2023. Harusi iko Vanga kule Kenya, maziko yako Msuka huku Pemba. Askari kijana anaona chombo kina watu na hakina nyavu, anauliza mnakwenda wapi. Swali lake ni halali. Wa kwenda mazikoni atamwonyesha nini?

Ombi langu: kila chombo kinaposimamishwa, nahodha apewe karatasi yenye saa aliyosimamishwa, saa aliyoachiwa, kilichochukuliwa, na jina la kikosi. Nakala ibaki kwa sheha. Mwisho wa mwaka tuzisome zote hapa Wete, makamanda wakiwa wamekaa safu ya mbele.