Mwiteni Injinia Mashine Ikiwa Nzima

Nimelisema hili mara nyingi, na kwa kuwa leo Nairobi imewaleta pamoja wakuu wengi wa hospitali, nitalirudia: msimwite injinia siku mashine inapofuka moshi. Mwiteni ikiwa nzima.

Usiku mmoja, saa nane, sista wa wadi ya watoto alinipigia simu. Mtoto wa nimonia yuko kwenye konsentreta, ile mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani; kipira kinachoonyesha kasi ya gesi kimesimama lita 2 kwa dakika, mrija hauna tatizo, lakini oksijeni kwenye damu yake imekwama asilimia 84. Daktari kaongeza lita, wapi! Nilipofika, mashine ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Nikaweka kipimo changu cha usafi wa oksijeni pale gesi inapotokea: asilimia 51.

Hewa ya humu ukumbini ina oksijeni asilimia 21 hivi. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Konsentreta ina chembe za zeolaiti zinazoinasa naitrojeni, ndipo mgonjwa apate oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Filta ikiziba, kompresa inahema na kupata joto. Zeolaiti ikiingiwa na unyevu, hainasi tena. Na kipira hakitawaambia, maana kinapima wingi wa gesi inayopita, si usafi wake.

Niliivuta mashine kutoka ukutani, nikachomoa filta. Vumbi na nyuzi za blanketi vimeganda kama kipande cha zulia. Kengele ya kuonya ilikuwa imezibwa kwa plasta ya kidonda, isiwaamshe watoto. Tulimhamishia mtoto kwenye mtungi wa oksijeni, akapanda hadi 95 kabla sijafunga mkoba.

Najua mtasema sista ana wagonjwa tele, atapata wapi muda wa filta? Sikumtaja sista! Fundi ndiye apite wadini kila wiki, aoshe filta kwa maji na sabuni, aikaushe, apime usafi wa oksijeni. Hakuna bajeti? Ya sabuni? Kipimo kimoja kinazunguka wadi zote.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu mashine za misaada: umeme wetu ni volti 240, wa Marekani 120. Injinia asome kibao cha nyuma kabla hamjapiga picha za kupokea. La vipuri nililiandalia dakika kumi, nitaliacha.

Kipimo changu hiki hapa mezani. Mwenye konsentreta wadini kwake aje sasa hivi tupange siku, nitakuja nacho.